Honi Ndefu, Honi Fupi

Basi liliposimama Nyololo, Verediana Kalinga alishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mwenyewe hakuwa na njaa. Alikuwa na mgonjwa ndani ya basi, Mzee Masunga Nkuba, aliyekaa kiti cha mbele na mguu wake wa plasta umenyooshwa mpaka karibu na gia ya dereva, na tangu Iringa mjini alikuwa akilalamika kwamba uji wa hospitali umemwachia tumbo la mtoto mchanga.

Alisalimiana na muuza mahindi kwa Kihehe, "Kamwene," akasubiri yageuzwe upande wa pili. Baridi ya Mufindi ilikuwa imemfanya ajifunge khanga mbili juu ya sweta. Macho yake yakatua kwenye ukuta wa duka lililokuwa jirani. Kulikuwa na karatasi mpya iliyobandikwa kwa uji wa ngano, na kichwa chake aliweza kukisoma kutoka pale aliposimama, maana ni yeye aliyekitunga: TANGAZO LA KUPASUA MIAMBA, IGAWA.

Akasogea kuisoma, kama mtu anavyotazama kazi ya mkono wake mwenyewe ikiwa mbali na nyumbani. Akaisoma mpaka katikati, akarudi juu.

"Kuanzia siku ya Jumatano," karatasi ilisema, "alama za honi zimebadilika. Honi fupi fupi za mfululizo: HATARI. Utambi umewashwa, kaa mbali. Honi moja ndefu: SALAMA. Mnaweza kupita."

Jumatano ilikuwa leo.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Tangazo hili limetolewa pia kwa Kiingereza, Kisangu na Kisukuma."

"Dada, mahindi yako," muuzaji aliita. Verediana hakusikia. Alibandua ile karatasi, kipande kimoja kikabaki ukutani, akarudi kwenye basi akikimbia.

Ilikuwa mwaka 1974, na Verediana alikuwa karani wa matangazo katika kampuni iliyokuwa ikichimba kokoto sehemu mbalimbali za barabara kuu. Ofisi yao ilikuwa Iyunga, Mbeya. Kila kilichotakiwa kufika kwa watu kuhusu baruti, magari na mipaka ya machimbo kilipita mezani kwake. Kilikuja kwa Kiingereza kutoka kwa mainjinia, yeye akakiweka katika Kiswahili, kisha akakipeleka kwa katekista mmoja wa Rujewa akigeuze Kisangu, na kwa Mzee Masunga pale Igawa akigeuze Kisukuma. Mzee huyu alihamia Usangu kutoka Maswa na ng'ombe wake, na kabla ya hapo alikuwa karani wa minada ya mifugo, kwa hiyo kalamu haikumsumbua. Verediana alikuwa na amri moja ofisini ambayo wenzake waliichoka: hakuna lugha inayotoka kabla zote hazijawa tayari. Kama neno moja limebadilika katika Kiingereza, basi karatasi za lugha zote zinarudi kabatini mpaka kila mtafsiri aguse ya kwake.

Kisha shangazi yake akafariki Iringa, Verediana akaomba ruhusa kwenda kuzika. Huko huko akasikia kwamba Mzee Masunga amelazwa mjini, ameangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe, akawa anampelekea chakula. Siku aliyoruhusiwa kutoka ndiyo siku Verediana naye alikuwa anarudi kazini, wakapanda basi moja.

"Mahindi yako wapi?" Mzee Masunga aliuliza.

"Baba, ukiwa hospitali kuna mtu wa ofisini alikuja kukuona? Aliyekuletea karatasi ya kutafsiri?"

"Nani angenikumbuka mimi zaidi yako?"

Akamwonyesha. Mzee alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma taratibu huku midomo ikicheza. Alipomaliza aliisogeza karatasi karibu na dirisha. Alisoma tena.

"Wamegeuza," alisema mwishoni.

"Wamegeuza kila kitu. Wewe uliandikaje mwezi wa nne?"

"Kama ulivyonipa. Honi ikilia kwa kirefu, simama, kuna hatari. Ikilia kwa kukatakata, pita." Aliivua miwani. "Mwanangu, kama si mimi niliyeandika Kisukuma kipya, basi kilichobandikwa kule mtoni ni kipi?"

Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka. Verediana alimwinamia dereva. Alikuwa kijana wa Tukuyu aliyeitwa Asukile, mwenye kofia ya sufu na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani akipanda milima.

"Kaka, Makambako kuna posta. Naomba usimame nipige simu."

"Makambako tunasimama kushusha mizigo tu, dada."

"Naomba."

Asukile alimtazama kwenye kioo, akaacha kuimba.

*

Simu ya Makambako ilichukua muda kupatikana. Karani wa posta aliita Mbeya, Mbeya wakaitikia, wakapotea, wakaitikia tena. Nje utingo alikuwa anagonga bodi ya basi kwa kiganja, na abiria walikuwa wakiuliza kuna nini. Hatimaye sauti ya Ndugu Sedekia, msimamizi wa ofisi, ilitokea kwa mbali, kama anaongea ndani ya mtungi.

"Kalinga? Pole na msiba. Unarudi lini?"

"Ndugu Sedekia, tangazo la Igawa. Kisukuma mmekitoa wapi?"

"Kabatini kwako. Ulituachia ufunguo."

"Nani amekibadilisha?"

Simu ilikwaruza. "Sikiliza, mambo yalikuja kwa haraka. Mtaalamu mpya anataka machimbo yote yawe na alama moja, tumebaki sisi tu tunaopiga kinyume. Katekista aligeuza Kisangu siku hiyo hiyo. Kisukuma sikuwa na mtu. Kuna mama Msukuma anauza mchele hapa sokoni, nikampelekea karatasi, nikamwambia asome aniambie kama ina kosa. Akasema haina kosa hata moja. Tukaweka tarehe mpya, tukadurufu."

"Ulimsomea na cha Kiswahili kipya? Alijua kimebadilika nini?"

Zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Ndugu Sedekia?"

"Nilimuuliza kama imeandikwa vizuri," alisema Sedekia, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Akasema vizuri sana."

"Imeandikwa vizuri kweli. Ni ile ya mwezi wa nne."

Alisikia kiti kikiburutwa upande wa pili, kisha pumzi.

"Lakini wanaelewa Kiswahili wale," Sedekia alisema. "Hawawezi kukosa mtu wa kuwasomea—"

"Wakielewa wote, Kisukuma tunakiandikia nani? Kule mtoni zimebandikwa za Kisangu na Kisukuma peke yake. Wewe mwenyewe ulisaini zipelekwe hivyo." Alishusha sauti, maana karani wa posta alikuwa ameacha kugonga mihuri. "Simamisha baruti ya leo."

"Igawa hakuna simu. Redio ya lori lao imekufa tangu juzi." Funguo zikalia mezani. "Nachukua Land Rover sasa hivi. Nitaendesha mwenyewe. Lakini Kalinga, wewe uko karibu kuliko mimi."

Simu ikakatika, au aliikata.

*

Baruti ya Igawa ilikuwa inalipuliwa jioni, wafanyakazi wakishakula na jua limelegea. Ndiyo saa hiyo hiyo ambayo mifugo ya Wasukuma inatoka kunywa maji mto Mbarali na kurudi mabomani, na njia yao inapita chini ya kilima kinachopasuliwa. Ndiyo maana tangazo lilikuwepo. Wafugaji walikuwa wamelizoea. Wangefika kwenye mti mmoja uliopakwa chokaa, wangesimamisha ng'ombe, wangengoja honi. Hawakuwa watu wa kuvunja amri; Verediana aliwahi kuwaona wakingoja jua linazama, wanawake wameweka madebe ya maji chini, hakuna anayevuka mpaka asikie zile honi fupi za kuwapa ruhusa.

Hilo ndilo lililomtia hofu. Wangetii.

Baada ya Makambako barabara inashuka, baridi inaachwa nyuma, na joto la Usangu linaanza kuingia madirishani. Asukile alikuwa ameelezwa. Hakuimba. Aliendesha akiwa ameegemea usukani, na abiria walipopiga kelele kwenye kona aliwajibu kwa neno moja tu, "Kaeni." Mahali fulani kwenye mteremko wakakuta lori la mbolea limelala kwa ubavu, limefunga nusu ya barabara, na magari yamepanga foleni. Utingo alishuka kwenda kuomba. Verediana alibaki akitazama vivuli vya miti ya kando ya barabara jinsi vinavyorefuka.

"Nifundishe kusema," alimwambia Mzee Masunga. "Nikishuka nitakimbia. Wewe huwezi. Nifundishe kusema 'rudini, honi zimegeuzwa'."

Mzee alimtamkia. Akarudia. Mzee akatikisa kichwa, akamtamkia tena, akipandisha sauti pale palipotakiwa kupanda. Verediana alikuwa akisoma Kisukuma kwenye karatasi kwa mwaka mzima, anajua aya ipi inakwenda wapi, anaweza hata kuona herufi iliyoruka. Lakini mdomoni kilikuwa kitu kingine. Mama mmoja aliyekaa nyuma yao na kuku kwapani alianza kucheka, kisha akaona nyuso zao akaacha.

"Kwa jinsi unavyosema," Mzee Masunga alimwambia kwa upole, "mtu wa mbali atadhani unamwita ng'ombe wako."

"Basi sema pole pole tena."

Utingo alirudi akipunga mkono. Walipita kando ya lile lori, matairi ya kushoto yakiwa kwenye majani.

*

Igawa ilipoonekana, Asukile hakusimama stendi. Alikata kushoto, akaingia njia ya udongo inayokwenda machimboni, na basi zima likaanza kupiga kelele. Mtu mmoja aliapa kwamba atakwenda polisi. Vumbi liliingia kila upande.

Wakatokeza mahali peupe, na Verediana aliona kila kitu kwa mara moja.

Upande wa kulia kulikuwa na kilima, uso wake umechongwa na kubaki mweupe kama mfupa. Karibu yake, nyuma ya ukuta wa magogo na udongo, walijibanza wafanyakazi, vichwa tu vikionekana. Lori la kampuni lilikuwa limeegeshwa pembeni, maana honi yake ndiyo iliyokuwa ikitumika kwa alama. Na upande wa kushoto, chini, kwenye ule mti wa chokaa, ng'ombe walikuwa wamesimama kundi kubwa, vumbi linawafuka miguuni. Mbele yao walikuwa wanawake wenye madebe, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, na wanaume na fimbo zao. Walikuwa wanangoja, kama siku zote.

Fundi wa baruti alikuwa anashuka kilimani kwa haraka. Hakuwa anakimbia, lakini alitembea vile anavyotembea mtu aliyekwisha kuwasha utambi.

Honi ya lori ikalia. Pa! Pa! Pa! Pa!

Nyuma ya magogo vichwa vikazama. Chini ya mti wa chokaa wanawake wakainama, wakajitwika madebe yao. Mwanamume mmoja akapiga mluzi. Ng'ombe wa mbele wakaanza kutembea.

Verediana hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta anakimbia, viatu amevitupa, akipiga kelele yale maneno aliyofundishwa. Upepo wa bondeni uliyachukua ukayatupa nyuma. Mwanamke wa mbele, yule mwenye mtoto, aligeuka kumtazama, akainua mkono kama anayejibu salamu, akaendelea kutembea kuelekea kilimani.

Ndani ya basi Mzee Masunga alikuwa ametoa kichwa dirishani anaita mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Hakuna aliyesikia. Akajirudisha ndani, akamshika Asukile bega.

"Piga honi!"

"Ya namna gani?"

"Moja. Ndefu. Usiiachie!"

Asukile aliweka kiganja chake chote, akaegemea.

Honi ya basi ilitoka nzito na ya moja kwa moja, ikajaza bonde. Na pale chini, watu waliokuwa wamelisoma tangazo la zamani na kulishika vizuri, wakasimama kama wamekatwa miguu. Mluzi ukalia tena, wa aina nyingine. Wanaume wakaruka mbele ya ng'ombe, wakawapiga fimbo za pua. Madebe yakaanguka. Mwanamke mwenye mtoto aligeuka akaanza kukimbia kurudi kwenye mti.

Verediana alisimama, akihema, karibu acheke kwa faraja. Kisha akageuza kichwa.

Nyuma ya magogo vichwa vilikuwa vinainuka.

Aliwaona wakitazamana. Wao walikuwa wamefundishwa asubuhi ile ile, kwa Kiswahili, na baadhi yao kwa Kisangu: honi moja ndefu, salama. Wazee wa kazi walibaki wameinama, hawakuwa wamesikia mlipuko, hawakuamini. Lakini wageni walianza kutoka. Mmoja alitoka kabisa, kijana mrefu mwenye fulana ya bluu, akanyoosha mgongo, akaanza kutembea kuelekea kilimani ambako walikuwa wameacha nyundo zao.

"Acha honi!" Verediana alipiga kelele kuelekea kwenye basi. Halafu akajishtukia. Honi ikiachwa, wale wa chini watafanya nini? Wangebaki? Wangeanza tena kuja? Hakuwa na namna ya kujua. Hakuna sauti moja iliyokuwa na maana moja pale bondeni.

Akaacha kulitazama basi. Aligeuka akakimbilia kwenye magogo.

"Rudini! Laleni! Honi hiyo si yenu! Utambi unawaka! Laleni chini!"

Kiswahili chake kilifika. Wakaanguka mmoja mmoja, wengine wakavutwa mashati na wenzao. Fundi wa baruti naye alikuwa ametokea upande wa pili, amekunja viganja mdomoni, anaguta, "Laleni! Laleni!" Kijana wa fulana ya bluu alikuwa mbele, mgongo wake kwao. Honi ilikuwa bado inalia. Hakusikia kingine.

"Yotamu!" mtu mmoja aliita. "Yotamu, rudi!"

Verediana alimfuata. Alipiga hatua chache, mkono mmoja ukamshika khanga kwa nyuma, ukamvuta, akaanguka kifudifudi kwenye udongo, na mtu akamlalia juu.

Kilima kilinyanyuka.

Ardhi ilimpiga kifuani kabla mlio haujafika masikioni. Kisha mawe yakaanza kushuka, makubwa kwanza, halafu madogo, halafu changarawe, ikinyesha juu ya magogo kwa muda mrefu kuliko alivyodhani inawezekana. Ilipokwisha, honi ya basi ilikuwa imenyamaza.

*

Yotamu alikuwa hai. Jiwe lilikuwa limempata kwenye nyonga na jingine kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na mkono ule ulikuwa hautazamiki. Fundi wa baruti alivua shati lake akaufunga. Walimbeba kwa ubao wa lori mpaka kwenye basi, na abiria wale wale waliokuwa wakiapa kwenda polisi wakampisha viti, mama wa kuku akamshikilia kichwa mapajani. Asukile aligeuza gari. Kabla ya kuondoka alimteremsha Mzee Masunga kwa mikono yake, akamkalisha juu ya jiwe kama mtu anayeweka yai.

"Nimepiga honi," Asukile alisema, hakumtazama mtu. "Mimi ndiye niliyepiga."

"Nilikuagiza mimi," Mzee Masunga alijibu.

Basi likaondoka kwenda Mbeya.

Chini kwenye njia, ng'ombe wawili walikuwa wamekufa na wa tatu amekaa chini, hawezi kuinuka. Watu wote walikuwa wazima. Yule mwanamke mwenye mtoto alipanda taratibu mpaka walipokuwa, mtoto sasa amempakata mbele, anamkagua kichwa kwa vidole kama vile hajaamini. Aliitwa Ng'washi; Mzee Masunga alimjua, walikuwa wametoka Maswa msafara mmoja. "Mwadila," alimsalimia mzee kwa adabu, akapiga goti kidogo hata katika hali ile, kisha akaongea kwa muda. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayetaka kuelewa njia ya kwenda mahali.

"Anasemaje?" Verediana aliuliza.

"Anasema wao walifuata karatasi. Mume wake aliisoma, akawasomea wote." Mzee Masunga aliuweka sawa mguu wake wa plasta. "Anauliza kesho wafuate honi ipi."

Verediana alilitazama lori la kampuni. Angeweza kusema, fuateni fupi, au fuateni ndefu; lolote ambalo angesema lingekuwa sawa kwa huyu mmoja, na kesho kungekuwa na mwingine ambaye hakuwepo, aliyesoma karatasi iliyobaki kwenye mti mwingine.

"Mwambie kesho hakuna honi," alisema. "Hakuna baruti, hakuna honi, mpaka nirudi hapa na karatasi, na wewe uwasomee mwenyewe, wasikie kwa masikio yao. Mwambie wabandue zote walizonazo. Zote."

Ng'washi alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa kukubali. Alitazama kilima kilichopasuka, akasema jambo fupi, akaondoka.

"Na hilo?"

"Amesema kusimamisha baruti kunataka mamlaka," Mzee Masunga alisema. "Anakuuliza kama unayo."

*

Land Rover ya Sedekia ilifika giza likianza kuingia. Alikuwa ameendesha bila kusimama, shati limemganda mwilini. Alishuka, akatazama mizoga ya ng'ombe, akatazama damu kwenye udongo mahali Yotamu alipolazwa, akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Nimepishana na basi Chimala," alisema. "Nikajua." Akaelekeza mkono nyuma ya gari. "Kuna stensili tupu za kudurufia nyuma ya gari. Nimeleta na taipureta. Mzee Masunga akitupa Kisukuma sasa hivi, asubuhi zinakuwa zimebandikwa, hatupotezi hata siku."

"Hapana," Verediana alisema.

"Kalinga, injinia anataka—"

"Kwanza zile za zamani zote zishuke. Nyololo, Makambako, mtoni, stendi, kila ukuta. Tukibandika mpya juu ya za zamani, mtu atasoma moja na jirani yake atasoma nyingine, kama leo. Na Kisukuma kikiisha nitamwita Msukuma ambaye hajawahi kuona karatasi yetu, anisomee, aniambie atafanya nini honi ikilia. Simuulizi kama imeandikwa vizuri. Namuuliza atafanya nini."

Sedekia alifunika uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wake walimwita Verediana shangazi.

"Nitamwambiaje injinia?"

"Mwambie nimekataa. Ufunguo wa kabati nipe."

Alimpa.

Ofisini Iyunga maneno yalikuwa mengi. Injinia alisema kwamba karani amesimamisha kazi ya kampuni bila idhini, na katika kikao kimoja mtu alipendekeza iandikwe kwamba wafugaji walivuka bila kungoja alama. Verediana alisimama akasema walingoja, na walivuka kwa alama, na kama itaandikwa vinginevyo atakwenda kusema hivyo kwa mkuu wa wilaya yeye mwenyewe pamoja na Mzee Masunga. Sedekia, ambaye hakuna aliyetegemea afungue mdomo, akasema kwa sauti ndogo kwamba karatasi ya Kisukuma aliitoa yeye, na ilikuwa ya zamani. Basi ikaandikwa hivyo. Sedekia akahamishiwa stoo. Verediana alipewa barua ya onyo kwa kubandua tangazo la kampuni Nyololo. Kampuni ililipa ng'ombe. Kilima cha Igawa kikakaa kimya mpaka karatasi zote zilipokuwa tayari, na siku zilipotoka, Mzee Masunga alikaa chini ya mti wa chokaa na mguu wake wa plasta, akawasomea watu kundi kwa kundi, akiwataka kila mmoja aseme kwa kinywa chake honi ipi ni ya kifo.

Yotamu alikatwa mkono Mbeya. Verediana alikwenda kumwona Jumapili, na chupa ya uji wa ulezi. Alimkuta amelala anatazama dari, kijana wa Usangu ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi kazini. Akamsalimia, akaketi, akamimina uji, na kijana akanywa kwa kutumia mkono wa kulia huku yeye akimshikia kikombe kwa chini.

"Dada," Yotamu alisema, "wamenieleza lakini sikuelewa. Ile honi ndefu ya basi. Ilikuwa yetu au ilikuwa yao?"

Angeweza kumwambia ilikuwa makosa ya ofisi, na ingekuwa kweli. Angeweza kumwambia dereva hakujua, na hiyo nayo ingekuwa kweli.

"Ilikuwa yao," alisema. "Ilipigwa ili wasimame. Ilipokuwa inapigwa sisi hatukukumbuka kwamba ninyi mmeambiwa maneno mengine."

Yotamu alitazama dirishani. Nje ya dirisha wauguzi walikuwa wanaanika mashuka.

"Walisimama?"

"Walisimama."

"Wote?"

"Wote. Kulikuwa na mtoto mgongoni."

Alinywa tena funda moja, akakiacha kikombe mkononi mwa Verediana, akageuzia uso ukutani. Verediana hakuondoka. Alikaa pale pale mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipogongwa.